Misri na Jumuiya ya Nchi za Kiarabu: ilitengwaje 1979, na ikarudije 1989 bila kuugusa mkataba wake na Israel?

Kaskazi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina maswali matatu yanayokwenda pamoja. Naomba wanaoijua vizuri Mashariki ya Kati wanieleweshe kwa hoja na tarehe, ushabiki tuuweke pembeni.

La kwanza: Misri ilikuwa mwanachama wa mkataba wa ulinzi wa pamoja wa nchi za Kiarabu wa mwaka 1950. Iliwezaje kisheria kusaini amani peke yake na Israel Machi 1979? Ilijitoa kwenye ule wa zamani, au iliuacha hivyohivyo?

La pili: vitabu vya shule vinaandika kwamba Misri "ilifukuzwa" kwenye Jumuiya ya Nchi za Kiarabu. Ukifungua ukurasa unaofuata, makao makuu yako Cairo na Katibu Mkuu ni Mmisri. Hapo katikati kulitokea nini? Kama mkataba haukubadilishwa, aliyebadilika ni nani?

La tatu linatokana na mabishano ya siku hizi kuhusu Rafah, pale mpakani mwa Misri na Gaza. Wapo wanaodai Misri hairuhusiwi kuweka hata askari mmoja Sinai, na wapo wanaodai inaweka jeshi lolote ipendavyo. Idadi ni ngapi hasa, na anayehesabu ni nani?

Mzee wa Nyaraka

Mleta mada, Misri haikujitoa kwenye mkataba wa 1950. Ukitaka kuona kamba ilivyovutwa, hotuba za Rais Anwar Sadat wa Misri ziache kwanza, anza na Ibara ya 6 ya mkataba uliosainiwa Washington Machi 26, 1979. Makubaliano ya awali kati ya Misri na Israel, yale ya Camp David, Marekani, ya Septemba 1978, yalitoa miezi mitatu mkataba uwe tayari. Ikapita zaidi ya sita, na Ibara hiyo ni moja ya sababu kubwa.

Mkataba wa 1950 una vipengele viwili vinavyobana. Ibara ya 2 inasema shambulio la silaha dhidi ya mwanachama mmoja ni shambulio dhidi ya wote. Ibara ya 10 inamkataza mwanachama kuingia mkataba mwingine wa kimataifa unaopingana na huo. Waisraeli walijiuliza swali la wazi kabisa: tukisaini na Cairo leo, kesho Damascus ikaingia vitani, Misri itamfuata nani? Ndipo ikaandikwa Ibara ya 6(5): majukumu ya mkataba huu yakigongana na majukumu mengine yoyote ya nchi husika, yatakayoshika ni ya mkataba huu, ukiacha yale ya Ibara ya 103 ya Hati ya Umoja wa Mataifa.

Sadat asingeweza kurudi nyumbani na sentensi hiyo ikiwa uchi. Dawa yake ikawa maelezo ya makubaliano yaliyoambatanishwa na mkataba. Yanasema hakuna anayedai kwamba mkataba huu uko juu ya mingine, wala kwamba mingine iko juu ya huu. Mara tu baada ya hapo yanaongeza: na hayo yasichukuliwe kuwa yanapingana na Ibara ya 6(5). Sentensi ya kwanza ni ya kusomwa Cairo, ya pili ni ya kusomwa Jerusalem. Ni ufundi wa kidiplomasia wa hali ya juu, au ujanja, chagua neno lako.

Kivitendo ilijaribiwa mapema. Juni 1982 Israel iliivamia Lebanon, ambayo ni mwanachama wa Jumuiya. Jeshi la Misri halikusogea. Baada ya mauaji kwenye kambi za wakimbizi wa Kipalestina za Sabra na Shatila mwezi Septemba, Cairo ilimwita balozi wake nyumbani, na Tel Aviv haikupata balozi wa Misri hadi 1986. Tangu hapo huo ndio umekuwa mtindo: hasira huonyeshwa kwa balozi, vifaru hubaki palepale. Ilikuwa hivyo tena mwaka 2000, na tena 2012.

Sasa kwa nini Sadat alikubali gharama yote hiyo? Wengi hujibu "Marekani". Mimi naanza na mkate. Januari 18 na 19, 1977 serikali ilipunguza ruzuku ya bidhaa za chakula kwa kufuata masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, miji ikawaka kuanzia Aleksandria hadi Aswan, watu zaidi ya 70 wakafa, jeshi likaingia mitaani, na bei zikarudishwa zilipokuwa. Miezi kumi baadaye, Novemba 9, Sadat akaliambia Bunge kwamba yuko tayari kwenda hata kwenye Bunge la Israel. Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina, alikuwa amekaa humo ukumbini akisikiliza. Novemba 19 Sadat akatua Israel.

Na tusisahau vita vya Oktoba 1973 vilivyofungua mlango huo. Mpango wa Misri ulikuwa mdogo kuliko watu wanavyodhani: kuvuka Mfereji wa Suez, kuyavunja maboma ya mchanga kwa pampu za maji, kushika ukanda mwembamba wa mashariki chini ya mwavuli wa makombora ya kutungulia ndege, kisha kusubiri siasa. Syria iliingia ikiamini Wamisri watasonga mbele hadi kwenye mapito ya milimani ya Mitla na Giddi. Waliposonga kweli, Oktoba 14, wakatoka nje ya mwavuli na kupata kipigo. Siku mbili baadaye Waisraeli walikuwa wamevuka mfereji kuelekea magharibi, na vita vilipokwisha Jeshi la Tatu la Misri lilikuwa limezingirwa. Kutoaminiana kwa Cairo na Damascus kulizaliwa hapo, miaka minne kabla ya safari ya Jerusalem. Sadat alikwenda Damascus Novemba 16, 1977 kumshawishi Rais wa Syria, Hafez al-Assad. Wakaachana kila mmoja na lake.

Ndani ya serikali yenyewe mambo hayakuwa shwari. Waziri wa Mambo ya Nje Ismail Fahmy alijiuzulu kwa sababu ya safari ile. Aliyemrithi, Mohamed Ibrahim Kamel, akajiuzulu Camp David kwenyewe, kabla saini hazijawekwa. Hoja ya Kamel ilikuwa ya maana sana: kulikuwa na hati mbili. Moja ya Misri na Israel, yenye tarehe na ramani. Nyingine ya Ukingo wa Magharibi na Gaza, yenye ahadi ya utawala wa ndani kwa kipindi cha mpito cha miaka mitano, na hakuna kitu kilichoifunga ya kwanza isubiri ya pili. Ndivyo ilivyokwenda: ile yenye tarehe ilitekelezwa, ile yenye ahadi ikafia kwenye meza ya mazungumzo.

Binti Bandari

Nisahihishe jambo moja kwenye swali la pili. Neno "kufukuzwa" si sahihi, na tofauti yake ni ya kisheria, usiione ndogo. Mawaziri wa mambo ya nje na wa uchumi walikutana Baghdad siku moja tu baada ya saini, kuanzia Machi 27, 1979. Walichoamua ni kusimamisha uanachama wa Misri, kuhamishia makao makuu Tunis, kuwaondoa mabalozi na kukata misaada na mikopo.

Tatizo: Hati ya Jumuiya ya 1945 haina kifungu cha kusimamisha uanachama. Ina Ibara ya 18 inayoruhusu kumtoa mwanachama asiyetimiza wajibu wake, kwa kura za wanachama wengine wote bila hata mmoja kukosa. Sudan na Oman hazikuhudhuria. Kwa hiyo kura zote zisingepatikana, na ndiyo maana wakachagua njia isiyoandikwa popote. Halafu Ibara ya 10 inataja Cairo kwa jina kuwa makao ya kudumu. Tunis basi ikaitwa makao ya muda, na ikabaki na jina hilo miaka kumi na moja. Jengo la makao hayo lililoko Midani Tahrir, Cairo, Misri haikulitoa.

Nchi zilizobaki na ubalozi Cairo ni tatu: Sudan, Oman na Somalia. Katibu Mkuu Mahmoud Riad, Mmisri, akajiuzulu, akaingia Chedli Klibi wa Tunisia. Mpaka leo huyo ndiye Katibu Mkuu pekee ambaye hakutoka Misri. Wengine wote, kuanzia Abdul Rahman Azzam wa 1945 hadi Ahmed Aboul Gheit aliyeingia 2016, ni Wamisri.

Na kuna kitu watu husahau: Sadat ndiye aliyetangulia. Desemba 1977 nchi zilizompinga zilikutana Tripoli, Libya, naye hakusubiri. Akavunja uhusiano na Syria, Libya, Algeria, Iraq na Yemen ya Kusini kwa mkupuo mmoja.

Kaskazi (mleta mada)

Shukrani sana, hapo kwenye Ibara ya 18 nimefunguka macho. Sasa Mzee wa Nyaraka au mwingine: vikwazo vya Baghdad viliuma kweli? Maana nchi kubwa kama Misri ukiikatia pesa za Ghuba ningetegemea ilegee ndani ya miaka miwili.

Mhasibu wa Suez

Viliuma upande mmoja tu. Pesa za serikali kwa serikali zilikauka. Mfano mzuri ni Shirika la Kiarabu la Viwanda vya Kijeshi, lililoundwa 1975 na Misri, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Qatar kwa mtaji wa zaidi kidogo ya dola bilioni moja: Misri ikatoa viwanda na mafundi, wale watatu fedha. Mei 1979 wenye fedha wakatangaza kujitoa. Mabango yakabaki, Misri ikaviendesha viwanda peke yake.

Lakini angalia kilichoachwa. Wafanyakazi Wamisri waliokuwa Ghuba hawakufukuzwa, na hela walizotuma nyumbani ziliendelea kuingia. Mfereji wa Suez, uliokuwa umefungwa tangu Juni 1967, ulikuwa wazi tangu Juni 5, 1975 na ushuru wake ni wa dola. Visima vya mafuta vya Sinai, rasi ambayo Israel iliiteka 1967, vilikuwa vinarudi kimoja baada ya kingine: Abu Rudeis kwa makubaliano ya Septemba 1975, na vya Alma mwishoni mwa 1979. Ongeza watalii na msaada wa Marekani, ambao upande wa jeshi ulikuja kutulia kwenye dola bilioni 1.3 kwa mwaka tangu 1987. Hizo ni njia tano za fedha za kigeni, na Baghdad ilikuwa imeziba ya sita tu, ile ya misaada. Aliyepanga vikwazo alihesabu misaada, hakuhesabu vibarua.

Sasa kurudi. Jibu la "aliyebadilika ni nani" ni fupi: Iraq. Septemba 22, 1980 Saddam Hussein aliivamia Iran. Hadi Mei 1982 Wairani walikuwa wameikomboa Khorramshahr, na maji yakawa yamemfika Baghdad shingoni. Jeshi la Iraq lilitumia silaha za Kisovieti. Nchi ya Kiarabu yenye maghala yaliyojaa risasi, vipuri na vifaru vya aina hiyohiyo, huku yenyewe ikihamia silaha za Kimarekani, ni ipi? Misri. Ikaanza kuuza. Pia mashamba na karakana za Iraq, ambako vijana walikuwa wamepelekwa vitani, zilijazwa na mamia ya maelfu ya Wamisri. Yaani mji ulioandaa mkutano wa kuitenga Misri ndio uliokuwa wa kwanza kuihitaji.

Baada ya hapo ni ngazi kwa ngazi. Oktoba 6, 1981 Sadat aliuawa, na Hosni Mubarak alichofanya ni kunyamaza: hakuuvunja mkataba, hakuwatukana wafalme, alizuia magazeti yake yasiwajibu. Aprili 25, 1982 Sinai ikarudi, hoja ya "ardhi imeuzwa" ikakosa miguu. Desemba 1983 Arafat, akitolewa Tripoli ya Lebanon na wapinzani wake waliokuwa wakiungwa mkono na Syria, alipitia Cairo na kumkumbatia Mubarak. Januari 1984 Jumuiya ya nchi za Kiislamu ikairudisha Misri kwenye mkutano wa Casablanca. Septemba mwaka huohuo Jordan ikarudisha ubalozi.

Kifungo chenyewe kilifunguliwa Amman, Novemba 1987. Na tazama namna walivyofanya, maana ni somo la jinsi Jumuiya hii inavyofanya kazi mpaka kesho. Syria ilikuwa tayari kuzuia azimio lolote la kuirudisha Misri. Basi hawakuirudisha. Waliamua kwamba uhusiano wa kibalozi na Misri ni suala la kila nchi kwa hiari yake. Ndani ya siku na wiki chache Falme za Kiarabu, Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na wengine wengi wakapeleka mabalozi. Uanachama ukarudi Mei 1989, mkutano wa Casablanca, Mubarak akiwa ukumbini. Syria yenyewe ilifungua ubalozi Desemba 1989. Makao yakahamishwa kutoka Tunis kurudi Cairo 1990.

Na wakati sanduku za Tunis bado zinafungwa, Agosti 2, 1990 Iraq ikaimeza Kuwait. Agosti 10 mkutano wa dharura ukafanyika Cairo, na azimio la kupeleka majeshi likapita kwa kura 12 kati ya wanachama 21. Misri ikapeleka zaidi ya askari 30,000. Malipo: Marekani ilifuta deni la kijeshi la karibu dola bilioni 7, na Mei 1991 wadai wa Klabu ya Paris, yaani kundi la serikali zinazodai, wakakubali kupunguza nusu ya deni kwa awamu. Kwa hiyo, mleta mada, mkataba haukuguswa hata nukta. Waliouwekea masharti ndio waliokwenda wakiyaacha njiani, moja moja, kila aliyebanwa kwa wakati wake.

Fundi Ramani

Nichukue swali la tatu. Wote wawili waliokuambia wamekosea, na kosa lao ni kuichukua Sinai kama kitu kimoja. Kiambatisho cha kwanza cha mkataba kinaigawa katika kanda, kutoka magharibi kwenda mashariki: A, B na C upande wa Misri, na D upande wa Israel.

Kanda A inaanzia mfereji na kwenda mashariki takriban kilomita 50. Humo Misri inaruhusiwa divisheni moja ya askari wa miguu wenye magari ya deraya: watu wasiozidi 22,000, vifaru 230, magari ya deraya 480, mizinga ya uwanjani 126 na mizinga ya kutungulia ndege 126. Kanda B, katikati, ni vikosi vinne vya walinzi wa mpaka, watu wasiozidi 4,000, silaha nyepesi na magari ya matairi, siyo ya minyororo. Kanda C, inayopakana na Israel na Ghuba ya Akaba hadi Sharm el-Sheikh, ni polisi wa kiraia tu pamoja na kikosi cha kimataifa. Kanda D ni ukanda mwembamba ndani ya mpaka wa upande wa pili: Israel inaruhusiwa vikosi vinne, watu 4,000, magari ya deraya 180, bila kifaru hata kimoja na bila mizinga.

Linalowapita wengi ni ndege. Ndege za kivita za Misri zinaruhusiwa kuruka juu ya Kanda A, lakini hata humo haziruhusiwi kulala. Kanda B ni ndege za usafirishaji zisizo na silaha, zisizozidi nane. Kwa hiyo viwanja vya ndege vya kijeshi ambavyo Israel iliviacha Sinai vilirudi Misri kama viwanja vya kiraia, na Wamarekani wakaijengea Israel viwanja viwili mbadala huko Negev, Ovda na Ramon.

Anayehesabu ni MFO, yaani kikosi cha kimataifa cha askari na waangalizi. Mkataba ulikusudia Umoja wa Mataifa, lakini Wasovieti walikuwa tayari na kura ya turufu, basi Agosti 3, 1981 nchi hizi mbili zikaunda chombo chao nje ya Umoja wa Mataifa, na Marekani ikishuhudia. Makao yake Rome, kambi ya kaskazini iko El Gorah, ya kusini Sharm el-Sheikh. Gharama za uendeshaji zinagawanywa baina ya Misri, Israel na Marekani. Waangalizi wa kiraia, ambao ni Wamarekani, wanakagua kanda zote nne si chini ya mara mbili kwa mwezi, na upande mmoja ukilalamika ukaguzi wa nyongeza lazima ufanyike ndani ya saa 48. Baharini ni meli za Italia, zinazolinda njia ya Mlango wa Tiran, mlango wa bahari wa kuingilia Ghuba ya Akaba.

Kwa nini ukali huu wote? Kwa sababu ya Mei 1967. Wakati ule vikosi vya Umoja wa Mataifa vilikuwa Sinai na Gaza kwa ridhaa ya Misri. Rais wa Misri, Gamal Abdel Nasser, akaomba viondoke, Katibu Mkuu U Thant akaviondoa, siku chache baadaye Mlango wa Tiran ukafungwa kwa meli za Israel, na Juni 5 vita vikaanza. Mkataba wa 1979 ulishonwa kuziba tundu hilohilo: hakuna upande unaoweza kuwaondoa waangalizi peke yake, na Ibara ya 5 inaitaja Tiran kuwa njia ya kimataifa isiyofungwa.

Udhaifu wake ni kwamba ulitungiwa vita vya vifaru. Adui wa Sinai baada ya 2011 alikuja kwa pikapu na mabomu ya kuegesha barabarani, tena akakaa hasa Kanda C, mahali ambapo mkataba uliweka polisi peke yao. Agosti 5, 2012 askari 16 wa Misri waliuawa karibu na Rafah wakiwa kwenye kituo cha mpakani. Polisi wa kawaida asingeweza hapo. Njia iliyotumika haikuwa kuvunja mkataba, ilikuwa Ibara ya 4(4) inayoruhusu mipango ya usalama kurekebishwa kwa ridhaa ya pande zote mbili. Misri inaomba: vikosi kadhaa, vifaru kadhaa, helikopta, eneo fulani, muda fulani. Israel inakubali au inapunguza. MFO inaandika na kuhesabu kwa kiwango kipya. Ofisi za uhusiano za kijeshi, ya Misri El Arish na ya Israel Beersheba, ziliwekewa simu ya moja kwa moja tangu siku za mkataba.

Kwa hiyo ukisikia "Misri ina vifaru Rafah, imevunja mkataba", uliza kwanza: viliombewa? Vikiwa vimeombewa, havivunji kitu. Kama muda wa ruhusa umepita na vimebaki, hapo ndipo mvutano unapoanza, na mara nyingi humalizwa kwenye ile simu kabla haujafika kwenye magazeti.

Kaskazi (mleta mada)

Fundi Ramani, umemaliza. Swali dogo la nyongeza: ule ukanda wa Philadelphi kati ya Gaza na Misri uko kanda ipi? Na kwa nini Sadat hakuidai Gaza, ilhali kabla ya 1967 ilikuwa chini ya Misri?

Fundi Ramani

Uko Kanda D. Ni kilomita 14 hivi upande wa Gaza. Israel ilipoondoka Gaza 2005 haikuwa na mtu wa kuacha hapo, ndipo wakakubaliana Misri iweke walinzi wa mpaka 750 upande wake, ndani ya Kanda C, badala ya polisi. Kazi yao iliandikwa wazi: magendo na upenyaji, hawahesabiwi kuwa jeshi la ulinzi wa nchi. Mwaka 2021 makubaliano hayo yalifunguliwa tena ili kuongeza nguvu eneo la Rafah. Mei 2024 Israel ilipoingia tena kwenye ukanda ule na vifaru, hoja ya Cairo iliegemea hapa: Kanda D hairuhusiwi kuwa na vifaru, na hakuna aliyeombwa ridhaa.

Kuhusu Gaza: Misri iliiendesha tangu 1949 lakini haikuwahi kuiunganisha na nchi yake, tofauti na Jordan ilivyofanya Ukingo wa Magharibi 1950. Ibara ya 2 ya mkataba inasema mpaka ni ule wa kimataifa baina ya Misri na iliyokuwa Palestina ya Mwingereza, bila kuathiri suala la Gaza. Kuidai kungemaanisha kusema Gaza ni Misri, yaani si Palestina.

Mpaka huo wenyewe ulichorwa 1906, Mwingereza akimbana Sultani wa Uthmaniya. Nguzo zake zikaja kuleta kesi: Israel iliporudisha Sinai 1982 ilibaki na kipande cha ufukwe wa Taba, kama kilomita moja ya mraba na hoteli ndani yake, ikidai nguzo ya mwisho, namba 91, ilikuwa mahali pengine. Mazungumzo yakashindikana, wakaenda kwa waamuzi watano Geneva, wakapekua ramani na picha za zamani, na Septemba 29, 1988 Misri ikashinda kwa kura nne kwa moja. Taba ikarudi Machi 1989, miezi miwili kabla ya Casablanca.

Mto Ruzizi

Niongeze upande wa kwetu, maana uzi mzima umezungumzia Waarabu kana kwamba Misri haiko Afrika. Kesi ya Sinai ndiyo iliyowaondoa mabalozi wa Israel barani. Hoja iliyotumika kwenye Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa kwamba ardhi ya mwanachama mwenzetu imekaliwa (kijiografia Sinai iko Asia, lakini hakuna aliyeleta rula). Uganda ilivunja uhusiano 1972. Mobutu wa Zaire alitangaza kuuvunja akiwa Umoja wa Mataifa Oktoba 4, 1973, siku mbili kabla ya vita. Tanzania ikafuata mwezi huohuo, Kenya Novemba 1.

Sababu ikiwa ni Sinai, basi Sinai ikirudi sababu inaisha. Zaire ilirudisha uhusiano Mei 1982, wiki chache tu baada ya Aprili 25, na Mobutu alitumia hoja hiyohiyo. Kenya ilisubiri hadi Desemba 1988, Uganda 1994, Tanzania 1995, na kwa hizi mbili za mwisho makubaliano ya Oslo ya 1993 kati ya Israel na Wapalestina yalikuwa na uzito kuliko Sinai.

Binti Bandari

Na kwa wanaolinganisha na makubaliano ya 2020 ya Falme za Kiarabu na Bahrain na Israel: hayo hayana kanda, hayana MFO, hayana kilomita ya kurudisha, kwa sababu nchi hizo hazikuwa na mpaka wala vita vya ardhi na Israel. Safari hii hakuna aliyesimamishwa uanachama. Wapalestina walipeleka rasimu ya kulaani kwenye kikao cha mawaziri Septemba 2020, ikakataliwa. Kikao kilikuwa chini ya Jumuiya ileile iliyokaa Baghdad 1979.

Mhasibu wa Suez

Kulinganisha na mkataba wa amani wa Jordan na Israel wa Oktoba 1994 ndiko kunakofaa zaidi, kule kuna mpaka na maji.

Na mwenye kutaka kuipima hii "amani baridi" kwa kitu kinachoshikika, afuatilie bomba la gesi. Misri ilianza kuiuzia Israel gesi 2008. Baada ya mapinduzi ya 2011 bomba la Sinai lililipuliwa mara nyingi mno, na Aprili 2012 mauzo yakasitishwa. Kisha Israel ikavuna gesi ya baharini kwake, na Januari 2020 gesi ikaanza kutiririka upande wa pili, kutoka Israel kwenda Misri, ikipita kwenye bomba lilelile la chini ya bahari linalotua El Arish.